Mchongaji wa Kimakonde: Mti, Soko na Jina Lake

Katika maandishi mengi yanayoeleza uchongaji wa Wamakonde, mambo mawili huchukuliwa kana kwamba yamekwisha kuthibitika: kwanza, kwamba vinyago vya mpingo ni urithi wa kale ulioshuka kutoka kwa mababu bila kukatika, na pili, kwamba mwenye sanaa hiyo ni kabila zima, hivi kwamba jina la mtu aliyeshika patasi halina uzito wowote. Uchambuzi huu unayapinga yote mawili. Ukifuatiliwa mwendo wa maisha ya wachongaji hao katika karne ya 20, tangu utoto wao katika nyanda za juu za pande zote mbili za Mto Ruvuma, kupitia mashamba ya mkonge, hadi mabanda ya Dar es Salaam na kumbi za maonyesho za Ulaya, inaonekana wazi kwamba uchongaji wa mpingo kama unavyojulikana leo ulianzishwa na watu wanaoweza kutajwa kwa majina, katika miaka inayoweza kukadiriwa na kwa sababu zinazoeleweka, na kwamba kusahauliwa kwa majina hayo ni hasara iliyoletwa na jinsi biashara ya vinyago ilivyoendeshwa.

Wamakonde wa kaskazini mwa Ruvuma wanakaa katika uwanda wa juu wa Newala na maeneo yanayouzunguka, mkoani Mtwara. Wale wa kusini wanakaa katika uwanda wa Mueda, jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Kundi hili la kusini ndilo lililotoa wengi wa wachongaji waliokuja kusifika, na enzi za Tanganyika watu wake waliitwa Wamawia, jina la dharau ambalo wenyewe hawakulipenda. Pande zote mbili ukoo huhesabiwa kwa mama, kwa hiyo mjomba ana nafasi kubwa katika malezi ya mtoto wa kiume, na nafasi hiyo inaonekana pia katika kurithishana ufundi. Masimulizi ya asili yao yanasema kwamba mtu wa kwanza, akiwa peke yake porini, alichonga umbo la mwanamke katika mti, akalisimamisha, na kulipopambazuka umbo lile likawa mwanamke hai, ambaye ndiye mama wa Wamakonde wote. Simulizi hiyo iliandikwa na Karl Weule, mtafiti wa Kijerumani aliyesafiri kusini mwa koloni la Wajerumani mwaka 1906, mwaka ambao vita vya Majimaji vilikuwa bado havijapoa. Weule aliona pia vinyago vya ngoma na vikopo vidogo vya mti vya kutilia tumbaku na dawa, vyenye vizibo vilivyochongwa vichwa vya watu, vitu ambavyo leo vimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ujerumani.

Kazi iliyokuwa kuu kwa mchongaji wa zamani ni lipiko, kwa wingi mapiko, yaani kinyago cha kuvaliwa kichwani katika ngoma za kuwatoa vijana jandoni. Lipiko la Mueda humfunika mchezaji kichwa kizima, naye huona kupitia uwazi wa mdomo. Huchongwa sura ya mtu yenye nembo za chale usoni, mara nyingi na ndonya, kile kigingi kilichokuwa kikivaliwa katika mdomo wa juu, na hupandikizwa nywele halisi za binadamu. Kazi hiyo ilifanyika kwa siri, mbali na macho ya wanawake na ya watoto ambao hawajaingia jandoni, kwa kuwa wao walitakiwa waone katika ngoma kiumbe kilichotoka kuzimu, wala wasimwone jirani yao aliyevaa mti. Mwenye kulichonga alijulikana sana kijijini na kusifiwa kwa ustadi wake, jambo linaloonyesha kwamba dhana ya msanii mwenye jina haikuwa ngeni kwa jamii hiyo kabla ya soko la mjini kufika. Kijana aliyejaliwa mkono alianza kwa kuchonga mizizi ya mihogo, akahamia miti laini, akawa anakaa karibu na mjomba au jamaa mwingine mwenye ufundi na kujifunza kwa kutazama, kwani maelezo ya mdomo yalikuwa machache na shule ya uchongaji haikuwapo.

Hapa ndipo suala la mti linapohitaji kuangaliwa kwa makini. Mapiko yalichongwa, na bado huchongwa, katika mti mwepesi, laini, wa rangi ya kupauka, unaoitwa njala, na sababu yake ni ya wazi: mchezaji huruka, hutikisa kichwa na kugeuka kwa kasi kwa muda mrefu, na uzito wa mti mgumu ungemwumiza shingo. Mpingo, ambao wanabotania huuita Dalbergia melanoxylon, una sifa zilizo kinyume kabisa. Kiini chake ni cheusi chenye dalili ya zambarau, kimezungukwa na tabaka jembamba la rangi ya maziwa. Ni mzito kiasi kwamba gogo lake huzama majini, kwani mita moja ya ujazo ya mbao yake kavu hukaribia au kuzidi kilo 1,200. Hukua polepole sana, na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Shina lake mara nyingi limepinda, lina mifereji, nyufa au uwazi katikati. Mti wa namna hii haukufaa kwa ngoma, na katika maisha ya zamani matumizi yake kwa sanamu yalikuwa madogo. Ulipata nafasi yake ya sasa pale mnunuzi wa kigeni alipoanza kutaka kitu cheusi, kigumu, chenye kung'aa na kisicholiwa na wadudu, ambacho angeweza kukisafirisha kwa meli na kukiweka mezani kwake kwa miaka mingi. Kwa maneno mengine, mpingo unaoitwa leo mti wa jadi wa Wamakonde uliingia katika sanaa yao kwa wingi baada ya wageni kuingia nchini, na kukiri hivyo hakuiondolei sanaa hiyo heshima hata kidogo, kwa sababu kuumudu mti wenye ukaidi wa namna ile kwa tezo na patasi ni ushindi wa wachongaji wenyewe.

Wanunuzi wa mwanzo walikuwa maofisa wa Kireno, wafanyabiashara na wamisionari wa Kikatoliki. Hawa wa mwisho waliagiza misalaba na sanamu za Bikira Maria, na maofisa walitaka watu wa kawaida katika shughuli za kila siku: mwanamke aliyebeba mtungi, mwindaji, mzee mwenye kiko, mama anayenyonyesha. Aina hiyo ya kazi ilikuja kuitwa binadamu, kwa kuwa inafuata sura ya mtu kama ilivyo. Wataalamu wengi huipita haraka, wakiiona kuwa ni ya kuwaridhisha wageni tu, lakini ndiyo iliyomfundisha mchongaji wa Mueda kuuelewa mpingo, na bila miaka hiyo ya mazoezi, yaliyofuata yasingewezekana.

Kilichomtoa mchongaji huyo nyumbani kwake ni dhuluma. Wareno waliutiisha uwanda wa Mueda wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wakaleta kodi ya kichwa, shokoa, yaani kazi za kulazimishwa, na baadaye kilimo cha lazima cha pamba. Maelfu ya watu walivuka Ruvuma kuingia Tanganyika, ambako mashamba ya mkonge ya Lindi, Mtwara, Tanga na Morogoro yalikuwa yakitafuta manamba, kama walivyoitwa vibarua wa mkataba. Mchongaji aliingia katika mkumbo huo akiwa kibarua kama wengine. Alikata mkonge mchana na kuchonga jioni au siku ya mapumziko, akauza kwa wazungu wa shamba au kwa wapita njia. Ni muhimu kulikumbuka hilo, kwa sababu picha ya mchongaji anayekaa chini ya mti kijijini, akiendeleza bila haraka kazi ya babu yake, haimwelezi hata mmoja wa wale waliokuja kuibadilisha sanaa hii. Wote walikuwa wahamiaji, watu waliokwisha kupoteza mashamba yao na kuishi miongoni mwa wageni, wakitafuta kwa mikono yao njia ya kuachana na mkonge.

Katika miaka ya 1950 wengi wao walikuwa wamefika Dar es Salaam na viunga vyake, na mti walioutafuta walikuwa wakiupata katika misitu ya Pwani iliyokuwa karibu. Mjini hapo palikuwa na mfanyabiashara wa asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa na duka la vinyago na vitu vya sanaa, na ambaye jina lake haliwezi kuachwa katika maelezo yoyote ya haki. Peera alinunua, alitoa fedha za kujikimu, na zaidi ya yote aliwahimiza wachongaji walete kazi zisizofanana na zile zilizojaa madukani. Baadhi ya waandishi wamempa sifa kana kwamba ndiye aliyezibuni aina mpya, na wengine wamemtuhumu kwa kuigeuza sanaa kuwa bidhaa. Hukumu iliyo karibu na ukweli ni kwamba alikuwa mnunuzi mwenye jicho, aliyekubali kulipia kitu kigeni wakati ambapo wengine wangekikataa. Ubunifu wenyewe ulitoka kwa waliochonga, na ushahidi ni kwamba kila mtindo mpya uliozuka una mtu wake.

Mtindo wa kwanza wa kutajwa ni ule wa Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji. Sanamu yake ya awali ilionyesha mshindi wa mieleka aliyebebwa juu na wenzake, na aina hiyo ikaitwa dimongo, neno la Kimakonde lenye maana ya nguvu. Kutokana na wazo hilo ulizaliwa mnara wa watu: gogo zima likabaki katika umbo lake la duara, na kuanzia chini hadi juu likajaa watu waliopandiana, wanaoshikana mikono, wanaobebana mabegani, kila mmoja akitegemea mwili wa mwenzake. Mara nyingi kileleni hukaa mzee au mama, chanzo cha ukoo, na wengine wote humzunguka. Kiufundi, mtindo huu uliutatua ugumu mmoja wa mpingo kwa njia ya kupendeza mno. Mchongaji hapotezi mbao kwa kulazimisha gogo liwe mtu mmoja mwenye mikono iliyonyooshwa. Badala yake huingia ndani ya gogo, hutoboa kati ya miili, hufuata nyufa na mashimo yaliyomo na kuyafanya nafasi za kupumulia, na kazi ikikamilika mtazamaji anaweza kuona mwanga ukipita katikati ya watu ilhali umbo la shina bado lipo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sanamu hizo zilianza kuitwa ujamaa, na jina hilo ndilo lililobaki. Serikali ilipata ndani yake kielelezo cha siasa yake, wauzaji walipata jina la kuvutia, na wageni walielezwa kwamba huo ni usanii wa itikadi ya taifa. Ila mpangilio wenyewe ulikwishakuwapo kabla ya Azimio, nao ulitoka katika mawazo ya mtu aliyeijua mieleka ya vijana na mti wa ukoo wa watu wanaohesabu nasaba kwa mama.

Mtindo wa pili, ulioleta mshtuko mkubwa zaidi, ni shetani, na mwanzilishi wake anayekubaliwa na watafiti ni Samaki Likankoa. Simulizi inayorudiwa sana ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mkono wa sanamu aliyokuwa akiichonga ulivunjika, naye, badala ya kuitupa, aliigeuza ikawa kiumbe chenye kasoro kwa makusudi, akampelekea Peera, ambaye aliipokea na kutaka nyingine za aina hiyo. Iwe tukio lilikwenda hivyo hasa au limerahisishwa na wasimuliaji, maana yake inalingana na kazi zenyewe. Samaki alimchukua nnandenga, mzimu wa porini katika imani za Kimakonde, akampa jicho moja, mguu mmoja, tumbo lililotoboka, sikio lililogeuka kuwa mkono. Ghafla mchongaji akawa huru na kipimo cha mwili wa binadamu. Gogo lililopinda, tawi lililochipuka pasipostahili, sehemu iliyooza katikati, yote yaliyokuwa hasara kwa mchongaji wa binadamu yakawa faida kwa mchongaji wa shetani, na hata lile tabaka la nje la rangi ya maziwa lililokuwa likiondolewa likaanza kuachwa mahali fulani ili lipambane na weusi wa kiini. Zachary Kingdon, ambaye kitabu chake kuhusu wachongaji hao kilitoka mwaka 2002, ameonyesha jinsi mtindo huo ulivyopita kwanza kwa ndugu na jamaa za Samaki kabla ya kuenea kwa wengine, jambo linalothibitisha kwamba wachongaji wenyewe waliutambua kuwa mali ya mtu na ya watu wake. Inafaa pia kusema kwamba mashetani hawa walizaliwa katika mji wa Waswahili, ambako habari za pepo, majini na waganga wa kuwapunga zilikuwa mazungumzo ya kila siku, kwa hiyo mzimu wa Mueda ulikutana na shetani wa pwani na kupata kwake jina na tabia fulani. Anayedai kwamba sanamu hizo zinaeleza dini ya kale ya Wamakonde pekee ameusahau mji zilikochongwa.

Mtindo wa tatu huitwa mawingu, nao huhusishwa na Clements Ngala. Ndani yake umbo la kiumbe hukaribia kuyeyuka, likabaki pindo, mviringo na uwazi, pengine dalili ya uso au mkono, kama wingu linavyobadilika mbele ya macho. Kwa upande wa usanii tupu, huenda hapa ndipo mpingo ulipofikishwa mbali zaidi, na inasikitisha kwamba ndio mtindo ulioandikiwa kidogo kuliko yote, kwa kuwa hauna hadithi ya kumsimulia mnunuzi.

Miaka hiyohiyo ya ubunifu ndiyo iliyokuwa miaka ya kuumana na ukoloni. Tarehe 16 Juni 1960 askari wa Kireno waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika Mueda kudai haki zao. FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962, na vita vya ukombozi vilianza Septemba 1964 huko Cabo Delgado, katika nchi ya Wamakonde wenyewe. Katika maeneo yaliyokombolewa uchongaji ulipangwa katika vyama vya ushirika, vinyago vikavushwa Ruvuma kuuzwa Tanzania, na fedha zake zikasaidia mapambano. Sanamu za mikono iliyofungwa kamba, za wapagazi wanaopigwa na za wapiganaji zilichongwa kwa wingi. Si zote zilizo na ubora, kwani mahitaji ya vita hayangoji ustadi, lakini zinaonyesha kwamba mchongaji aliyedhaniwa na mnunuzi wa Ulaya kuwa mtu wa mizimu alikuwa raia mwenye msimamo, aliyejua ni nini kilichomfukuza kwao.

Mfano unaomwezesha msomaji kuona maisha ya mchongaji mmoja kwa ukamilifu zaidi ni George Lilanga, aliyezaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanganyika. Alipita jandoni, akaanza na mihogo, akaendelea na miti laini na hatimaye mpingo, kama ilivyo desturi iliyoelezwa hapo juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alihamia Dar es Salaam, na kwa msaada wa mjomba wake, mchongaji Augustino Malaba, alipata kazi ya ulinzi katika Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll ili kuwapa wasanii vijana mahali pa kufanyia kazi na kuuzia. Kazi zake zilipoonekana alitolewa kwenye ulinzi akawa msanii wa kituo. Hapo alijifunza batiki, uchoraji na uchoraji wa kutumia sahani za chuma, na mashetani wake wa mpingo wakahamia katika nyuso hizo mpya wakiwa na masikio makubwa, matumbo yaliyotokeza na vidole viwili vya miguu, wakifanya mambo ya watu wa uswahilini: kucheza ngoma, kugombana, kupanga foleni hospitali, kunywa pombe. Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa Washington, na tangu hapo jina lake likazidi kukua nje ya nchi kuliko ndani yake. Baadaye alirudi kwenye sanamu, safari hii akitumia mti laini na kuupaka rangi kali za mafuta, uamuzi uliowaudhi wapenzi wa mpingo, ingawa kwa hakika ulimrudisha karibu na mapiko, ambayo tangu zamani yalikuwa ya mti mwepesi na yaliyopakwa rangi. Kisukari kilimdhoofisha na kumkosesha miguu. Aliendelea kufanya kazi akisaidiwa na jamaa na wanafunzi waliotekeleza michoro yake, hadi alipofariki mwaka 2005, wakati kazi zake zikiwa katika maonyesho ya Africa Remix yaliyokuwa yakizunguka miji mikubwa ya Ulaya. John Fundi, aliyezaliwa Msumbiji mwaka 1939 na kufariki 1991, alibaki upande wa mpingo, na sanamu zake za mashetani zilifika Paris mwaka 1989 katika maonyesho ya Magiciens de la terre, ambayo yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kuwaweka wasanii wa Afrika sawa na wa Ulaya, kila mmoja kwa jina lake.

Wanaume waliotajwa hadi hapa wameweza kuwa wachongaji kwa sababu mti ulikuwa wa wanaume. Udongo ulikuwa wa wanawake, na maelezo ya usanii wa Kimakonde yasiyomtaja Reinata Sadimba hayajakamilika. Alizaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, akajifunza ufinyanzi kwa mama yake, akashiriki harakati za FRELIMO, na katika miaka ya 1970, baada ya ndoa yake kuvunjika, akaanza kuubadilisha mtungi kuwa mtu: shingo ya chungu ikawa kichwa chenye chale na ndonya, tumbo la chungu likawa tumbo la mama aliyebeba watoto. Alikimbilia Tanzania miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akarejea Msumbiji mwaka 1992, akafanya kazi katika Jumba la Makumbusho ya Historia Asilia la Maputo. Walimwengu walimtambua haraka, huku baadhi ya watu wa kwao wakiona kwamba amevuka mpaka wa kazi ya mwanamke. Udongo wake, tofauti na mpingo, ni malighafi ya jadi isiyo na shaka, na kwa hiyo maisha yake yanathibitisha kutoka upande mwingine hoja ya uchambuzi huu, kwamba malighafi ya jadi haimfungi msanii wala haimfanyi kuwa msemaji asiye na jina wa kabila lake.

Kwa nini basi majina yamepotea? Jibu liko katika mpangilio wa banda na duka. Wachongaji hufanya kazi kwa makundi katika mabanda, wakigawana gharama ya gogo, zana na chakula. Bingwa huanza umbo kwa panga na tezo, vijana husaidia kutoboa, kupiga tupa na msasa, na mwishoni sanamu hung'arishwa kwa rangi ya viatu. Mpangilio huo hauna kosa lolote, maana ndio uliolea vipaji. Kosa liko kwa dalali na mwenye duka, ambao kwao sanamu isiyo na jina ni rahisi kununuliwa kwa bei ya chini na rahisi kuagizwa kwa dazeni. Mtindo ukipata soko, mamia ya watu huunakili, na mbunifu hushindana na nakala za kazi yake mwenyewe bila ulinzi. Mtu akitembea leo katika soko la vinyago la Mwenge, Dar es Salaam, ataona minara ya ujamaa ya kila kimo, mingine ya ustadi wa hali ya juu, na ni nadra kukuta iliyoandikwa jina la aliyeichonga chini ya tako lake. Wataalamu wa Ulaya nao walichangia, kwa kuwa kwa miaka mingi waliithamini Afrika ya vinyago vya ibada peke yake na kuibeza kazi ya mpingo kuwa bidhaa ya watalii, hukumu iliyowapa wenye makumbusho sababu ya kutouliza ni nani aliyechonga. Wajapani, ambao wana jumba zima la sanaa ya Kimakonde katika mkoa wa Mie, waliiona thamani ya kazi hizo mapema kuliko miji mingi ya Afrika Mashariki.

Mambo hayo yote yanazidi kuwa ya haraka kwa sababu mti wenyewe unapungua. Mpingo unatakiwa na wachongaji, unatakiwa pia na watengenezaji wa klarineti na obo wa Ulaya na Marekani, na misitu ya karibu na Dar es Salaam iliyowalisha akina Samaki imekwisha kuchujwa. Tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia imewekwa chini ya udhibiti wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, kwa hiyo biashara yake ya nje ina masharti. Wilayani Kilwa vijiji vinavyomiliki misitu yao vilipata mwaka 2009 hati ya uvunaji endelevu ya shirika la FSC, na mapato yake yamejenga miradi ya vijiji. Hiyo ni njia njema, ijapokuwa gogo lenye hati humfikia kwa shida mchongaji wa mjini, ambaye hununua kipande kimoja kimoja na mara nyingi hana njia ya kujua kilikatwa wapi. Nchini Kenya, wachongaji wa Kikamba, ambao kazi yao ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya kuiona Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wameanza kutumia mwarobaini na miti mingine inayokua upesi. Mchongaji wa Kimakonde anaweza kufanya hivyo pia bila kuusaliti urithi wake, kwa kuwa, kama ilivyoelezwa, mti mwepesi ndio uliokuwa wake kabla ya mpingo.

Wazee waliochonga pamoja na Sangwani, Samaki na Ngala wanaondoka mmoja mmoja, na kile wanachokijua kuhusu nani alianzisha nini na nani alifundishwa na nani hakipo katika daftari lolote la soko. Makumbusho ya Taifa, vyuo vikuu vya Tanzania na Msumbiji na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo zinapaswa kuyakusanya maelezo hayo sasa, kwa kuzipiga picha sanamu zilizobaki na kuwahoji wachongaji na warithi wao. Wauzaji wa vinyago waandike jina la mchongaji katika kila kazi wanayoiuza. Na mnunuzi, awe mgeni au mwenyeji, asilipe kabla ya kuuliza ni nani aliyeichonga.